Staa anataka picha yake juu, orodha ninayo mimi!

Leo simwagi ubuyu wa nani kaachana na nani. Staa yumo kwenye stori, ila jina silitaji, msinisumbue kwenye meseji.

Tangu mwezi wa tatu mimi ndiyo mmiliki wa bidhaa kwenye timu ndogo inayotengeneza apu ya kuuza tiketi za shoo. Cheo kinasikika kikubwa, ila sina hisa hata moja! Kwenye mtindo wa kazi unaoitwa Scrum, huyo ni mtu mmoja, siyo kamati, na ndiye anayesimamia baklogi, yaani orodha moja ya vitu vyote vya kuboresha bidhaa, vimepangwa kwa foleni.

Nilikuta maombi 64 yametapakaa kwenye magrupu ya WhatsApp na voisi noti. Kila mtu lake ndiyo la haraka. Nikaanza na lengo, sentensi moja tu: mtu anunue tiketi kwa simu na aingie getini bila kugombana na mabaunsa. Ombi lisilosaidia hapo likashuka chini au likafutwa. Ya juu nikayakatakata yawe madogo, kila moja liishe ndani ya sprinti moja. Yetu ni wiki 2, ingawa mwongozo wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland wa 2020 unaruhusu hadi mwezi 1. Ya chini nikayaacha mistari miwili mitatu, maana huenda tusiyafanye kabisa. Na ukubwa wa kazi wanasema madevelopa wenyewe, siyo mimi.

Sasa staa. Kaweka hela zake kwenye apu, akataka ukiifungua tu sura yake itokee ikicheza. Voisi noti saa 8 usiku! Bosi akaniambia, "Mpe tu, dada, huyu ndiye anayetulipa." Na mkataba wangu ulikuwa umebaki mwezi mmoja.

Sikubisha. Nikawawekea wote wawili orodha mezani. "Kaka, ya kwako ikipanda namba 1, nionyeshe ipi ishuke. Hii hapa ni tiketi kufunguka hata bando likiisha."

Akauliza, "Kwa hiyo mashabiki wangu wanaweza kukwama nje?"

"Ndiyo, kaka."

Kimya. Halafu akasema, "Anza na hiyo."

Sura yake sasa hivi iko namba 17. Kila baada ya wiki 2 anauliza imefika wapi, na Insta kaniacha kunifuata! Mkataba bosi kausaini, ila salamu zake zimepungua. Mimi nalala vizuri, maana nikiulizwa kwa nini hiki kimetangulia, jibu ninalo.

Haya, wewe ungemweka namba ngapi? Tiririka hapo chini.