Mwanza: Ziwa likichafuka, siku haijaharibika

Familia nyingi huingia Mwanza likizo ya Desemba zikiwa na ratiba kamili. Asubuhi boti ya Saanane, mchana samaki aina ya sato, jioni picha kwenye Jiwe la Bismarck. Mmoja tu hajaulizwa kuhusu ratiba hiyo, nalo ni Ziwa Victoria.

Saa kumi na moja alfajiri radi inapiga na mvua inagonga mabati. Watoto wanaamka wakinung'unika kwamba likizo imeharibika. Saa tatu jua limetoka na miamba inafuka mvuke. Saa tisa mchana wingu jingine limesimama juu ya vilima. Kwa wenyeji hiyo ni siku ya kawaida.

Sababu yake hata mtoto wa darasa la nne anaielewa. Ziwa lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800. Usiku nchi kavu hupoa haraka, lakini maji hubaki na joto. Upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani huja usiku na alfajiri. Mchana upepo hugeuka, mawingu yakahamia nchi kavu.

Kusema "leo hapana"

Saanane ni kisiwa kidogo kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964, kisha kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Boti huondoka upande wa Capri Point na safari ni ya dakika chache tu. Huko kuna swala, pimbi, na mijusi wanaoota jua kwenye miamba.

Ufupi wa safari ndio unaowaponza wazazi. Familia imesafiri kutoka Dodoma, pesa imetengwa, mtoto ameshavaa kofia, na kisiwa kinaonekana pale pale. Hapo ndipo kusema "leo hapana" kunapokuwa kugumu.

Kabla ya kupanda, mzazi asome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na amsikilize nahodha. Upepo wa baridi ukivuma ghafla na wingu jeusi likiinuka, safari isubiri. Ahakikishe pia jaketi okozi la mtoto ni la saizi yake, maana la mtu mzima humvuka kichwani akiingia majini. Wanaotaka kuogelea watafutiwe bwawa la hoteli, kwani kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wanaoeneza kichocho.

Barabara ya Musoma

Boti ikiahirishwa, daladala za Kisesa zipo. Njiani zinapita Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza. Mamia ya watu walipotea siku hiyo. Meli ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, kama kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, na kuua zaidi ya watu 200. Mtoto mkubwa anayeuliza kwa nini boti imeachwa anastahili kuelezwa habari hizi. Akue akijua kwamba abiria ana haki ya kukataa kupanda chombo kilichojaa, hata siku ya jua kali.

Mbele kidogo ya Kisesa ni Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na padri David Clement kutoka Kanada. Hapa mvua haisumbui. Kuna ngoma za watemi, jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma yanayoshindana tangu zamani. Watoto hufurahi zaidi wakisikia kwamba zamani Wasukuma walihesabu moja hadi kumi kwa maneno tofauti kulingana na rika. Wakirudi wanajaribu kutunga hesabu yao wenyewe ndani ya daladala.

Mvua ya mwenzako

Jioni, soko la Mwaloni huko Kirumba lina somo jingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kisha huanikwa juani. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka huharibika, na mwanamke aliyewanunua ufukweni kwa mtaji wa mkopo hupata hasara. Mtoto aliyelalamika asubuhi kwamba mvua imemnyima boti anaweza kuonyeshwa mtu aliyepoteza zaidi. Si kwa kumkaripia. Inatosha mama amnunulie fungu la dagaa na la michembe, na kumwacha aulize wauzaji maswali yake.

Mara nyingi anga husafika kabla ya magharibi. Jiwe la Bismarck linaonekana toka barabarani, jirani na kivuko cha Kamanga, na kulitazama hakuhitaji tiketi. Jua linazama ng'ambo ya maji, mahindi ya kuchoma yapo, na picha iliyopangwa inapatikana hatimaye. Ziwa likitulia kesho asubuhi, boti za Saanane bado zipo.