Usiitupe katoni ya gemu kabla hujaifungua

Yamkini nyumbani kwenu kuna katoni ambayo imekaa juu ya kabati miaka nenda miaka rudi. Ndani yake mna mtambo wa plastiki ambao rangi yake imegeuka manjano, padi mbili zenye nyaya zilizosokotana, na kaseti kadhaa zenye picha za askari, magari na vifaru. Watoto wa leo wakiviona vitu hivyo hucheka. Wazazi nao humsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu apite na mkokoteni wake. Leo nakuomba usimwite kwanza.

Nazungumza juu ya gemu za kaseti, zile tulizocheza sisi tuliokulia Voi mwishoni mwa miaka ya tisini. Wapo walioziita Nintendo, na wapo walioziita Sega, ilhali mtambo wenyewe mara nyingi haukuwa Nintendo wala Sega. Mingi ya mitambo iliyotufikia ilikuwa miigo ya Famicom, mtambo ambao kampuni ya Nintendo iliutoa Japani tarehe 15 Julai 1983. Miigo hiyo ilitengenezwa Taiwan na China, ikauzwa kwa watu ambao mifuko yao haikuweza kununua ule wa asili.

Lakini mambo ya kaseti hayakuanzia Japani. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ya Marekani ilitoa mtambo ulioitwa Channel F, wa kwanza kutumia kaseti za kubadilisha zenye programu ndani yake. Kikundi kilichoutengeneza kiliongozwa na Jerry Lawson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1940 na kufariki mwaka 2011. Nilipoyasoma maisha yake, kilichonigusa zaidi ni kwamba alipokuwa kijana alijipatia senti kwa kutengeneza televisheni za watu. Alikuwa fundi wa mtaani, kama hao tunaowapita kila siku pale Voi, ameinama juu ya meza iliyojaa vyuma na nyaya.

Fundi wangu mimi alikuwa kaka yangu.

Siku hizo katika mtaa wetu kulikuwa na kibanda chenye televisheni moja, na ulilipa shilingi tano kwa mchezo mmoja. Sisi wasichana hatukukaribishwa humo. Kaka alifanya vibarua vya kupakua ndizi zilizotoka Taveta, akaweka akiba, kisha jamaa yetu mmoja akamletea mtambo kutoka Mombasa. Jioni hiyo hiyo alinipa padi ya pili. Tulicheza vifaru, gemu ambayo jina lake halisi ni Battle City na ilitolewa na kampuni ya Namco mwaka 1985. Wachezaji wawili hulinda ngome moja kwa pamoja, na katika kila hatua hushambuliwa na vifaru 20. Ukimpiga mwenzako risasi kwa papara, yeye huganda kwa muda na adui hupita. Mimi na kaka tulijifunza kusubiriana.

Gemu hizo hazikuweka kumbukumbu yoyote. Stima ilipopotea, na Voi ilipotea mara kwa mara, alama zote zilifutika. Mtambo ulikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Gemu nzima ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni kilobaiti 40, na picha moja unayopiga kwa simu leo huweza kuchukua nafasi hiyo mara 50 au zaidi.

Halafu kulikuwa na vumbi. Anayeijua Tsavo anajua kwamba hata ndovu wa huko ni wekundu. Udongo huo huo uliingia katika mdomo wa mtambo, na kaseti ikikataa kusoma, sote tulifanya jambo moja: tuliitoa, tukaipuliza kwa nguvu, tukairudisha. Nayo ilikubali! Kumbe pumzi haikuwa na dawa yoyote. Kuchomoa na kuchomeka upya ndiko kulikofanya meno ya kaseti yagusane vizuri na yale ya mtambo. Pumzi yenyewe ina unyevu, na unyevu huleta kutu. Hata Nintendo wenyewe waliwaonya wateja wao wasipulize.

Kaka alikuwa na umri wa miaka kumi na minne mtambo ulipozimika kabisa. Mtu aliuchomeka kwa adapta isiyoufaa. Ndani ya mitambo mingi ya aina hii kuna kidude chenye miguu mitatu kilichoandikwa 7805, ambacho kazi yake ni kupunguza umeme wa adapta hadi volti 5 ambazo mtambo unaweza kuvumilia. Kilikuwa kimeungua. Kaka aliazima chuma cha kulehemia kwa fundi mmoja wa redio, akakibadilisha mwenyewe. Mtambo ulipowaka, alikuwa amepata kazi ya maisha. Baadaye alitengeneza redio, kisha televisheni, kisha simu. Alisomesha watoto kwa kazi hiyo. Alituacha mwaka 2019.

Baada ya mazishi, mama aliichukua ile katoni, akaifunga kwa leso na kuipeleka nyumbani kwetu Wundanyi, huko milimani. Hakutaka iguswe. Mwanawe kaka, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, alikuwa akiiomba kila likizo, na jibu lilikuwa lile lile.

"Hiki alikishika baba yako," mama alimwambia. "Kiache kilivyo."

Msomaji, sikumlaumu mama, wala wewe usimlaumu. Mwenye kufiwa hushika anachoweza kushika. Lakini Wundanyi si Voi. Kule juu kuna ukungu na baridi, na nguo usipoianua mapema hulala mbichi. Likizo ya Desemba iliyopita mama alikubali tuitazame tu. Tulipofungua leso, meno ya shaba ya kaseti zote yalikuwa yameota kutu ya kijani. Mama alizigeuza moja baada ya nyingine.

"Kumbe nilikuwa naitunza ife," alisema. Kisha akamsukumia mjukuu wake katoni nzima.

Tuliteremka nayo hadi Voi, kwa fundi aliyewahi kufanya kazi meza moja na kaka. Huko ndiko nilikoandika hatua hizi, nawe unaweza kuzifuata nyumbani. Kwanza, chukua raba laini ya penseli, usugue meno ya kaseti polepole hadi yang'ae. Usitumie msasa, kwani hula shaba yenyewe. Pili, chovya pamba katika spiriti, upanguse mabaki, uache yakauke. Tatu, soma maandishi ya adapta kabla ya kuchomeka. Volti na upande wa chanya na hasi lazima vilingane na vya mtambo. Nne, padi ikikataa kitufe kimoja, tazama waya pale unapoingilia, kwani hapo ndipo hukatika. Na ukifungua kaseti ukakuta tone jeusi kama lami, jua kwamba chini yake ndiko programu iliko. Hilo likifa, hakuna fundi atakayelifufua.

Kaseti zetu saba kati ya tisa zilisafishika. Mtambo wenyewe haukuwaka. Fundi aliufungua kwa bisibisi, akatuonyesha bonge la risasi ya kulehemia kwenye miguu ya 7805. Lilikuwa limepasuka ufa mwembamba kama unywele.

"Hii ni kazi ya baba?" kijana aliuliza.

"Ni yake," fundi alimjibu.

"Mbona kubwa hivi?"

"Alikuwa anajifunza, mwanangu."

Tulinyamaza. Ili mtambo uwake, ilibidi risasi ile iyeyushwe. Bonge lile lilikuwa limekaa vile vile tangu kaka alipoliweka akiwa mvulana, na sasa lingeharibika umbo lake. Kijana alinitazama. "Shangazi, je, nyanya atakubali?" Nikampigia mama simu. Akauliza kama risasi ile ingetupwa. Fundi akasema la, ingeyeyuka na kuganda pale pale. Mama akasema, "Basi na aishike yeye mwenyewe." Fundi akampa kijana chuma, akamshika kiwiko, wala hakumshika mkono.

Taa nyekundu iliwaka mara ya pili ya kujaribu.

Tuliucheza katika televisheni ya kichogo iliyokuwa hapo dukani. Naongeza neno kuhusu televisheni hizo, kwa sababu wengi walizitupa Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015. Zilikuwa hazina haja ya kutupwa. Mtambo wa gemu hauhitaji mnara wa matangazo. Huipa televisheni picha yake wenyewe kwa waya. Isitoshe, gemu ya kuwinda bata kwa bunduki, Duck Hunt ya mwaka 1984, haifanyi kazi katika televisheni bapa za kisasa. Ukifyatua, kioo huwa cheusi kwa kitambo kidogo na bata hugeuka mraba mweupe, ambao jicho lililo ndani ya bunduki hutafuta mwanga wake. Televisheni za kisasa huchelewesha picha, na bunduki hukosa shabaha. Hata hivyo, usimruhusu mtoto afungue televisheni ya kichogo. Umeme mkali hubaki ndani hata baada ya kuchomolewa, nao unaua. Hiyo ni kazi ya fundi.

Nawe unayetaka kukusanya, usidanganywe na maandishi ya gamba. Kaseti iliyoandikwa gemu 9999 aghalabu ina chache tu, zinazorudiwa kwa majina tofauti. Kumbuka pia kwamba kaseti za Famicom na miigo yake zina meno 60, ilhali zile za Nintendo zilizouzwa Marekani zina 72 na haziingii bila kiunganishi. Uliza kwa majirani kabla ya kununua. Taveta siku za soko utapata vingi vya zamani, lakini katoni bora huwa iko juu ya kabati la mtu wa karibu.

Wazazi wengi huniuliza kama gemu hizi hazitawapotezea watoto wakati. Hakika zinaweza, na saa za masomo ni saa za masomo. Lakini hebu linganisha: simu ya mtoto ikiharibika, yeye huomba nyingine. Mtambo huu ukiharibika, huomba bisibisi. Mtoto anayejua kwa nini taa imezimika hawezi kuwa mtu wa kukaa tu.

Mama alikuja Voi wiki iliyofuata. Aliketi, akamtazama mjukuu wake akilinda ngome na rafiki yake, mlio wa vifaru ukijaa nyumba. Baada ya dakika chache alisema maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwa zaidi ya miaka ishirini: "Punguzeni sauti, nyinyi!"

Kijana alipunguza kidogo tu, kama baba yake alivyozoea.