Barua kutoka Lexington: nyumba inayonukia tandiko

Mjomba, shikamoo.

Salamu nyingi kutoka Lexington, jimbo la Kentucky, na wote hapo Lamu uwape zao. Uliniagiza nikuandikie habari za mbao na milango, maghorofa niwaachie wengine. Agizo lenyewe limekuwa jepesi. Mji huu unajiita makao makuu ya farasi duniani, na ukishatoka nje yake kidogo huoni ila majani na ua wa mbao. Wenyeji husema siri imo chini: ardhi ni ya mawe ya chokaa, madini yake huingia kwenye maji na majani, na farasi hukomaa mifupa.

Huo ua nimeukagua kwa niaba yako. Ni mbao nne za mwaloni zilizolazwa, zikapigiliwa upande wa ndani wa nguzo, yaani upande aliko farasi. Akijiegemeza, anazikandamiza kwenye nguzo. Zingepigiliwa nje, angezing'oa misumari yote. Pembe wamezizungusha ili farasi anayefukuzwa na wenzake asibanwe konani. Nyeupe ndiyo rangi ya kwenye picha, lakini mashamba mengi yamehamia nyeusi, maana bei yake ni nafuu na hudumu zaidi.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane ambaye mumewe alifuga farasi wa mbio. Nyumba hii ungeipenda, Mjomba. Mlango wa jikoni ni wa vipande viwili, kama wa zizi: cha chini kimefungwa, cha juu kiko wazi, upepo unapita na mbwa anabaki nje. Juu ya meza inaning'inia kulabu ya chuma yenye meno manne. Kazi yake ya asili ni kutundikia hatamu wakati wa kuzisafisha. Leo imebeba sufuria. Lijamu kuukuu zimekuwa vishikio vya taulo. Vikombe vya fedha vilivyotengenezwa kwa ajili ya wiski na nanaa vimejaa maua ya bustanini.

Ukutani kwenye ukumbi kuna hatamu za kichwani, zile za ngozi zisizo na lijamu, kila moja na kibati cha shaba chenye jina la farasi. Nikauliza kwa nini ngozi, na nailoni ni rahisi. Mama akaniambia ngozi hukatika. Farasi akinasa kichwa mahali akaanza kuhangaika, ngozi itaachia kabla shingo haijavunjika, nailoni haiachii. Mojawapo imekatika hivyo hivyo na ameitundika bila kuishona. Kila Jumamosi huzishusha zote, akazipaka sabuni ya matandiko kwa sponji, ndipo nyumba nzima hunukia ngozi mpaka jioni.

Madukani ni mambo mengine. Wanauza viatu vya farasi visivyo na hata tundu la msumari, na mbao mpya zilizopigwa minyororo na kupakwa rangi ya kijivu ili zionekane zimezeeka. Ukiigusa ile mbao mkono unaijua mara moja. Na kuna watu wanaopamba sebule yote kwa siku moja: tandiko kwenye ngazi, taa ya kandili, blanketi la mirabaraba, vichwa vya farasi mpaka kwenye mito. Mimi nyumba hizo huniona mgeni hata nikikaribishwa kwa chai.

Mbao kuukuu za kweli zipo, nazo zina historia. Mabanda ya tumbaku ya huku yalipakwa rangi nyeusi ili yanyonye joto la jua na kusaidia majani kukauka juu ya fito. Mwaka 2004 serikali ilifuta utaratibu wa migao iliyokuwa ikilinda bei ya zao hilo, wakulima wengi wakaacha, mabanda yakabaki matupu. Sasa yanabomolewa, na mbao zinauzwa kwa wanaotaka milango ya kuteleza kwenye reli na meza za kulia. Nikawakumbuka wageni wa Shela wanaokuletea ubao wa jahazi wakitaka kitanda.

Wakongo wasemao Kiswahili wapo wengi hapa. Mmoja, mzaliwa wa Bukavu, anafanya kazi zizini. Nilialikwa kwake nikatazama kuta zote: saa, kitenge, picha ya harusi. Nikamuuliza mbona hana farasi hata mmoja ukutani. Akacheka, “Farasi minaziona siku muzima, niziingize tena mu nyumba?”

Jibu lake lilinirudia nilipozitazama picha za farasi zinazouzwa madukani. Farasi peke yake, anang'aa, hana mtu. Edward Troye, mchoraji wa karne ya 19 aliyezunguka mashamba ya huku, hakuchora hivyo kila mara: katika picha yake ya farasi Richard Singleton wamesimama Harry, Charles na Lew, watumwa weusi waliomfunza, kumtunza na kumpanda. Na katika mbio za kwanza za Kentucky Derby, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na mshindi, Oliver Lewis, mmoja wao. Mimi ningetundika nakala ya Troye kabla ya kichwa chochote cha farasi.

Sasa kazi. Ule mlango wa vipande viwili nimeupima wote. Kipande cha chini kina ubao mpana juu yake, umetokeza mbele kidogo kama rafu, na ukingo wa kipande cha juu unakaa nyuma yake ili mvua isipenye. Bawaba ni nne, mbili kila kipande, na komeo moja linaviunganisha ukitaka kuufungua kama mlango wa kawaida. Mchoro nimeuweka ndani ya bahasha hii. Niambie kama mninga utafaa, au uzito wake utazichosha bawaba, na kama yule fundi wako wa chuma bado anafanya kazi.

Wako mpwa.