Maji Kwanza, Marashi Baadaye: Tulivyotembea Beu



Mwezi huu tembea nasi hadi Beu, moja ya komine nne za mji wa Beni. Dada zake ni Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Ukitoka Butembo asubuhi, baridi ya mlimani inakulazimisha kuvaa koti. Gari linapita Maboya, linapita Kabasha, na njia inazidi kuteremka. Ni kilometa 54 tu, lakini ukifika Beni koti umelishika mkononi na mgongo umelowa jasho.

Ni jasho hilo ndilo tunataka kulizungumzia leo. Usicheke kwanza.

Siku ile nilibanwa kati ya mama mmoja wa biashara na kijana aliyetoka kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Manguredjipa. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yote yamefungwa. Harufu ikajaa ndani ya gari. Mama akaziba pua kwa kitenge chake. Nyuma mtu akapaza sauti: «Shofere, fungua dirisha, tutakufa huku!» Watu wakacheka. Kijana akainamisha kichwa, akakumbatia mfuko wake mpaka Beni.

Tuliposhuka, akaniuliza pole pole: «Papa, deodora ya nguvu wanauzisha wapi? Kesho ninaenda kujionyesha kwa wakwe.»

Tukatembea pamoja mpaka kwenye vibanda vya Beu. Vitu vingi vya pale vinapita mpaka wa Kasindi kutoka Uganda: chupa za kupuliza, za kupaka, marashi ya kila rangi. Muuzaji akamwambia: «Kamata hii, mukubwa. Harufu haitarudia tena!» Bei yake ilikuwa karibu pesa zote za kijana.

Kando yake mama mzee aliuza sabuni ya mawese. Akamtazama kijana, akauliza bila ukali: «Mwanangu, umeoga?»

«Hapana, mama. Niko njiani siku mbili. Na kule kwenye machimbo siku nzima niko ndani ya maji, lakini ni maji ya tope.»

«Basi unataka kupaka rangi juu ya tope.»

Msomaji, mama yule alisema kweli. Jasho likitoka mwilini karibu halina harufu. Lakini makwapani na sehemu za siri kuna tezi za namna nyingine, zinazoamka mtoto anapobalehe. Jasho lake ni zito kidogo. Mikrobi zinazoishi juu ya ngozi ya kila mtu zinalila, na mabaki yake ndiyo yananuka. Njo maana mtoto wa miaka 6 anacheza mpira mchana kutwa na hanuki kama yaya yake wa miaka 16. Wazazi, kijana wenu hakuwa mchafu kwa ghafla: amekua. Mwambieni kwa upole, ninyi na yeye peke yenu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa mikrobi na chakula chake: maji, sabuni, kusugua makwapa, kisha kukausha vizuri. Kupunguza nywele za kwapa kunasaidia sabuni kufika. Watu wa Beni wanajua nguvu ya sabuni. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, ndoo za kunawia mikono zilisimama hata milangoni pa makanisa.

Baada ya maji, ndipo uchague deodora. Ziko namna mbili. Ya kwanza inapunguza mikrobi na kuweka harufu nzuri, lakini jasho linaendelea kutoka. Deodora ya kwanza yenye jina la biashara, Mum, ilikuwa ya namna hiyo. Ilitokea Philadelphia, Marekani, mwaka 1888. Namna ya pili inaziba kwa muda matundu ya jasho kwa chumvi za alumini. Soma maandishi ya chupa, utaliona neno hilo. Hii inafanya kazi vizuri zaidi ukiipaka usiku, kwapa likiwa kavu. Wengine wanaogopa kwamba inaleta kansa ya ziwa. Mpaka sasa uchunguzi haujathibitisha jambo hilo. Lakini mwenye ugonjwa mkubwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Na dawa za nyumbani? Ndimu inapunguza mikrobi, lakini inachoma ngozi iliyonyolewa, na ikipigwa na jua inaweza kuleta malengelenge na madoa meusi. Bikarbonate inapunguza harufu, lakini ngozi za wengi zinawashwa. Jiwe la aluni, lile vinyozi wanalopitisha baada ya kunyoa ndevu, linafaa: lilowanishe, lipitishe kwenye kwapa safi. Moja linadumu muda mrefu.

Jihadhari na sabuni zinazosifiwa kuua mikrobi na kung'arisha ngozi papo hapo. Baadhi yake zimekutwa na zebaki. Siye watu wa machimbo tunaijua zebaki: ni ile ile inayokamata dhahabu ndani ya mchanga. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Usiipake mwilini.

Usisahau nguo. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliona kwamba baada ya mazoezi mashati ya poliesta yananuka kuliko ya pamba. Ukichagua mitumba, shika kitambaa kwanza. Fua, anika juani, usirudie shati la jana.

Lakini sikia hili, ewe mchimbaji: kama usiku jasho linalowesha shuka, na unakohoa tangu wiki mbili, na unakonda, usitafute deodora. Nenda kituo cha afya wapime makohozi. Inaweza kuwa kifua kikuu, na kinapona ukimeza dawa mpaka mwisho.

Turudi Beu. Mama mzee alimpa kijana ndoo na kumwonyesha bafu nyuma ya nyumba. Alipotoka, alinunua kipande cha sabuni na singleti ya pamba, akabakiza pesa ya zawadi kwa mama mkwe. Ile chupa ya bei kali aliiacha kibandani.

Katika Biblia, Naomi alipomtuma Ruthu kwa Boazi, alimpangia mambo kwa utaratibu: kuoga, kujipaka mafuta, kisha kuvaa nguo. Mafuta hayakutangulia maji. Tena Naomi hakumcheka mkwewe mbele ya watu.

Mimi pia nilinyamaza ndani ya gari lile watu walipocheka, na kunyamaza kwangu kunanihukumu. Wewe, siku ukikaa karibu na mtu kama yule, usizibe pua. Mpe nafasi, mpe maji, umwambie pembeni. Kwani kesho, kwenye mteremko wa Kabasha, atakayelowa jasho anaweza kuwa wewe.