Lubero: Gari halivuji, ni pumzi za waliolala ndani

Asubuhi ya tatu tangu wafike Lubero, dereva mmoja kutoka Kirumba aliamshwa na tone la maji lililomdondokea sikioni. Alifungua macho, akatazama juu. Bati la dari ya Hiace yake lilikuwa limejaa matone kama kifuniko cha sufuria ya sombe. Vioo vyote vilikuwa vyeupe. Matela walilolalia watoto lilikuwa limelowa upande wa mlango, na blanketi zilinuka kama nguo zilizoanikwa siku ya mvua.

Lakini mvua haikunyesha. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2024, kiangazi, na vumbi la barabara lilikuwa kavu. Mamamkwe wake, aliyekuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, alijifunika shali na kusema kwa sauti ndogo: «Baba, gari yako inanyesha.»

Walikuwa watu wanane ndani ya gari hilo: dereva, mke wake, watoto watano na huyo bibi. Waliondoka Kirumba mwisho wa mwezi wa sita, wakati mapigano yalipofika Kanyabayonga na watu wakaanza kupanda kwa miguu kuelekea kaskazini. Wao walikuwa na bahati ya gari. Walipitia Kaseghe na Alimbongo wakiwa na magodoro juu ya paa na watu wasiowajua wameshikilia mlango. Walipofika Lubero walipokewa na ndugu wa mke, ila nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa tayari na familia nyingine mbili za wahami. Basi wakaegesha gari uani na kulala humo humo.

Mtu asiyejua milima hiyo atashangaa kusikia habari ya baridi. Mstari wa ikweta unakata barabara kati ya Lubero na Butembo, na watu wa mbali wanadhani ikweta ni jua tu. Waliokwisha kulala kule wanajua. Nchi imeinuka sana, hewa ya usiku inashuka kutoka mlimani, na kabla ya mapambazuko ukungu unakaa mabondeni mpaka saa mbili. Kwa baridi hiyo familia ilikuwa imefunga kila kitu.

Dereva aliamini kwamba paa limetoboka. Alimtuma binti yake mkubwa kuteka maji, bidoni tatu, akapanda juu na kuyamwaga polepole kwenye bati huku mtoto mwingine akikaa ndani na kuangalia. Halikuingia hata tone moja. Binti aliyebeba yale maji kutoka kwenye chemchemi hakumsemesha baba yake mpaka jioni, na hakuna wa kumlaumu.

Ikabaki mawazo ya pili: hewa ya baridi inaingia na unyevu wake kupitia nafasi za milango. Mke akachana kitenge cha zamani, wakaziba kila mpenyo, hata tundu dogo la nyuma ambako taa ilikuwa imeng'oka. Usiku ule kulikuwa na joto kidogo zaidi. Asubuhi maji yalitiririka kwenye vioo kwa mistari, na mtoto wa miaka sita akatumia kidole kuchora nyumba yenye mlango na mti kando yake. Akasema ni kwao. Baba yake aliufuta mchoro ule kwa kiganja kwa sababu alitakiwa kuondoka.

Ilikuwa safari yake ya kwanza yenye pesa tangu wakimbie. Mama mmoja mchuuzi alikuwa na magunia ya kabichi na mashoga wa poro ya kupeleka Butembo, na abiria wanne walitaka kufika huko mapema. Gari liliondoka saa kumi na moja asubuhi. Watu walipopanda na nguo zao zenye umande na mboga zilizolowa, kioo cha mbele kikawa cheupe tena mara moja. Dereva alifuta kwa mkono. Kikarudi. Akafuta tena, akabaki na tundu la ukubwa wa sahani, akaendesha akichungulia humo. Mwanga wa kwanza ulipompiga usoni, mafuta ya kiganja chake kwenye kioo yakang'aa na hata lile tundu likapotea.

Kwenye mteremko mmoja kabla ya Musienene abiria wa mbele alipiga kelele. Dereva alikanyaga breki bila kujua anamkwepa nani. Gari liliposimama, mbele yake, karibu kiasi cha mkono kunyooshwa, kulikuwa na chukudu lililojaa magunia ya makala na kijana aliyekuwa akilizuia kwa mgongo. Kijana hakutukana. Alikuja kwenye dirisha, akatazama kioo, akauliza: «Mukubwa, unaendesha na macho imefungwa?» Safari iliyobaki ilikwenda madirisha yakiwa wazi, abiria wakitetemeka na kunyamaza.

Butembo alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa magari, mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mti. Mzee alizunguka gari, akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango, akanusa, kisha akauliza wangapi wanalala humo.

«Wanane.»

«Gari yako haivuji. Ni nyinyi munavuja.»

Kisha akaeleza, naye alieleza vizuri. Mtu mzima anapolala usiku kucha hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi, karibu glasi moja nzima. Hayaonekani, kwa sababu ni mvuke. Hewa yenye joto inaweza kubeba mvuke mwingi, hewa ya baridi kidogo tu. Pumzi inapogusa kioo au bati lililopozwa na usiku, inapoa, inashindwa kubeba mzigo wake, na kuuacha pale pale. Ni jambo lile lile la chupa ya Primus inayotoka kwenye friji na kutoa jasho mezani. Bia haijapenya kwenye chupa. Sasa watu wazima watatu na watoto watano, hata kama kila mtoto ni nusu, ni glasi tano na zaidi kila usiku. Zikikosa njia ya kutoka zitakwenda wapi? Kuziba mipenyo kwa kitenge kulikuwa kama kufunga mlango na kumfungia mwizi ndani.

Mzee aliinua kapeti ya miguuni. Chini yake sponji ilikuwa imejaa maji ya wiki nzima, maana kila mtu aliingia na viatu vyenye matope na nepi za mtoto zilianikwa kwenye usukani. Mchana jua likipiga, sponji ile inatoa mvuke; usiku inaurudisha kwenye vioo. Akaonyesha pia kile kitasa kidogo cha dashibodi kinachochagua kama hewa itoke nje au izunguke ndani. Kilikuwa kimesukumwa kwenye kuzunguka ndani. Madereva wengi wa barabara za udongo wanakiacha hapo kwa ajili ya vumbi na kukisahau. Hewa ile ile ya abiria inapulizwa kwenye kioo, inarudi, inapulizwa tena.

Mwisho akafungua boneti na kucheka. Mipira miwili inayopeleka maji ya moto ya injini ndani ya gari kwa ajili ya kupasha joto ilikuwa imekatwa na kuunganishwa kwa kipande cha bomba la chuma na waya. Dereva alikumbuka. Miaka mingi nyuma mpira ulitoboka, na fundi mmoja akamwambia hakuna haja ya kununua mwingine, hapa si Ulaya. Kwenye joto la bondeni maneno hayo yalikuwa na akili. Mzee alisema mipira inaweza kupatikana kwa siku mbili tatu. «Kwa sasa ufanye mawili: acha hewa itembee, na utafute joto. Joto linakausha kioo.»

Dereva alirudi Lubero jioni, amechoka, na katika maneno yote ya mzee akamwelezea mke wake lile la mwisho tu. Joto linakausha kioo.

Mke aliwaza kama mtu yeyote mwenye watoto wanaotetemeka angewaza. Joto lilikuwepo: mbabula aliyopikia maharage, makala yake bado mekundu, bila moshi wala harufu. Aliiingiza, akaiweka juu ya bati karibu na mlango, mbali na matela. Dereva aliona. Hakusema neno. Vitenge vilikuwa bado kwenye mipenyo. Kwa mara ya kwanza tangu wafike, watoto walilala bila kuvutana blanketi, na vioo, kweli, vilionekana kupungua weupe.

Bibi ndiye aliyeamka. Kichwa kilikuwa kinampasuka na alitaka kutapika. Alipojaribu kusimama, miguu ilikataa. Alijiburuta juu ya wajukuu wake mpaka kwenye mlango wa kusukuma, akauvuta, akaanguka nje kwenye majani. Baridi iliyoingia ndiyo iliyomwamsha dereva, naye akawa kama mlevi. Wakawatoa watoto mmoja mmoja. Wanne walilia mara moja. Mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa mlegevu, na mama yake alimwita jina, akamsugua mgongo, akamwita tena, majirani wakatoka na tochi. Alipolia hatimaye, watu waliokuwa uani walikaa chini.

Muuguzi waliyemfikia asubuhi aliwaambia jambo ambalo kila familia inayolala garini au chini ya bashi inapaswa kulisikia, kwa hiyo linaandikwa hapa wazi. Makala mekundu hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haionekani na haina harufu. Inashika damu mahali ambapo hewa safi ingeshika, na anayelala haamki kwa kukohoa, kwa sababu hakuna moshi wa kumkohoza. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Mbabula inayoonekana imetulia bado inatoa. Injini iliyoachwa inaunguruma huku watu wamelala ndani ni hatari ile ile, hasa bomba la moshi likiwa na ufa au likiwa limezibwa na majani. Mwenye dalili hizo atolewe nje kwanza, maswali baadaye, kisha apelekwe kwa mganga hata kama anasema amepona.

Siku ile dereva aling'oa vitenge vyote mwenyewe. Alishusha kioo cha mbele upande mmoja na cha nyuma upande wa pili, vidole viwili kila kimoja, akafunika nafasi hizo kwa vipande vya chandarua. Madirisha mawili yanayotazamana yanavusha hewa. Moja peke yake linasaidia kidogo. Kapeti na sponji vilitolewa na kuanikwa juani mpaka vikakauka kabisa, kazi ya siku tatu. Nepi, makoti yaliyolowa, viatu na bidoni isiyo na kifuniko vilihamia chini ya bashi nje. Vioo vilioshwa kwa ndani na sabuni kidogo, vikakaushwa kwa kitambaa kikavu cha pamba mpaka vikalia. Ulitoka uchafu wa kahawia, mafuta ya viganja na moshi wa sigara za abiria wa miaka yote, na kioo kichafu hushika ukungu upesi kuliko kisafi.

Baridi haikuisha. Hilo lisemwe bila kudanganya mtu. Kulala na dirisha limefunguka kidogo kwenye milima ya Lubero kunataka kofia, soksi, na watoto walale wamebanana katikati. Mke alilalamika usiku wa kwanza na wa pili. Lakini blanketi zilibaki kavu, na blanketi kavu ndani ya gari lenye hewa inapasha joto kuliko iliyolowa ndani ya gari lililofungwa. Kikohozi cha mtoto wa tatu kilianza kupungua.

Mipira ilipopatikana, mzee wa Butembo aliifunga na kukubali kulipwa kwa safari mbili za mizigo. Tangu hapo dereva huamka nusu saa kabla ya abiria. Anafungua milango yote, hewa ya usiku itoke. Anafuta vioo kwa kitambaa kikavu anachokitunza ndani ya mfuko wa plastiki, kamwe si kwa mkono. Anawasha injini watu wakiwa nje, anasukuma kile kitasa upande wa hewa ya nje, anaelekeza upepo wa moto kwenye kioo cha mbele, na kusubiri. Abiria wenye haraka wanapiga bati wakimwambia tuende. Yeye haendi mpaka aone kioo kizima, pembe hata pembe.

Mwezi wa nane familia ilipata nafasi ya kujenga kibanda cha mbao na bashi nyuma ya nyumba ya ndugu. Asubuhi ya kwanza bashi lilikuwa limejaa matone kwa ndani, na mtoto wa miaka sita akasema limetoboka. Bibi hakumsubiri mkwe wake aeleze. Alichukua fimbo, akainua ukingo wa bashi upande wa juu, kisha upande wa chini, akafunga kamba, na kuagiza mbabula isogezwe mbali zaidi na mlango.