KAZI YA LEO

Kila muhula uanzapo, wengi wetu huweka nia kubwa: huyu asema atakuwa wa kwanza darasani, yule asema ataacha uvivu kabisa. Kabla ya juma la tatu nia hizo zimekwisha kusahauliwa. Nadhani sababu yake ni kwamba nia ya namna hiyo haina kazi ya leo. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyolijua jambo hili.

Mimi nina kigugumizi tangu utoto. Kigugumizi si upungufu wa akili; nikiimba na wenzangu katika kwaya, maneno hutoka bila kikwazo. Lakini nikitakiwa kusema peke yangu, herufi B na K hunikwama kooni. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilijua majibu mengi ambayo hayakusikiwa na mtu, na nyumbani dada yangu mdogo ndiye aliyenisemea dukani.

Mwalimu mmoja aliponiuliza haja yangu, nilimwandikia kwamba nataka kigugumizi kiishe. Akaniambia, "Hilo haliko mkononi mwako. Kusema ndiko kuliko mkononi mwako. Chagua jambo moja dogo, ambalo taa zikizimwa utajua kama umelitenda au hukulitenda."

Basi nikaanza. Juma la kwanza kazi yangu ilikuwa kuitikia "Nipo" kwa sauti majina yaitwapo. La pili, kuomba chumvi mezani badala ya kuinyooshea kidole. La tatu, kumsomea jirani yangu wa bwenini mistari miwili ya gazeti. Kila usiku nilitia alama katika daftari. Sikuandika kama nimekwama. Niliandika tu kama nimesema. Mistari miwili ikawa mitano, na mwaka uliofuata nikaanza kuuliza maswali darasani.

Baadaye nilisoma habari za Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyetawala tangu 1936 hata 1952. Naye alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1926, kabla hajawa mfalme, alianza kufundishwa na Lionel Logue, mtu wa Australia, aliyempa mazoezi ya pumzi ya kufanya kila siku. Mwezi wa Mei 1927 alitoa hotuba alipolifungua jengo la Bunge huko Canberra, na tarehe 3 Septemba 1939 aliwatangazia watu wake habari ya vita kwa redio. Hata wakati huo alikuwa bado akifanya mazoezi.

Likizo iliyopita, katika kituo cha basi, nilikata tikiti zetu mimi mwenyewe. Jina la mji wetu laanza kwa K, nalo lilinichukua muda. Watu nyuma yangu wakaguna. Dada alifungua kinywa anisaidie, kisha akanyamaza, akaningoja. Nikalimaliza.

Kigugumizi changu kingalipo, lakini hakiniamulii tena kusema au kunyamaza. Wahenga walinena, bandu bandu huisha gogo. Kwa hiyo nawaomba wenzangu, hasa sisi tunaoukabili mtihani wa mwisho: usiseme, "Nitaijua hesabu." Sema, "Leo kabla ya kulala nitafanya maswali mawili." Kisha yafanye, utie alama, ukalale.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne