Nani Alipe Posta?

Watu wapole ndio hulipa gharama ambazo si zao, na hulipa kwa sababu ni ndogo. Nimeliona hilo Leicester, Uingereza, nyumbani kwa shangazi yangu. Alinunua kishikwambi mtandaoni, na kabla ya miezi sita kikaanza kujizima chenyewe. Muuzaji alimjibu kwa adabu: waranti ipo, tutakitengeneza, ila posta ni juu ya mteja. Nilimkuta ameshakifunga kwa gazeti, anakipiga selotepu pembe zote.

"Mwanangu, ni pauni chache tu. Tusigombane na watu."

Maneno yake yaliniuma, maana Sheria ya Haki za Mlaji ya Uingereza ya mwaka 2015 haikuliacha jambo hili kwenye hisani ya mwenye duka. Kitu kikiuzwa na kasoro, anayekitengeneza au kukibadilisha ni muuzaji, na gharama zinazohitajika ni zake: ufundi, vipuri, na posta imetajwa waziwazi. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Hata ukikikataa ndani ya siku 30 na kudai fedha zako, gharama ya haki ya kukirudisha ni yake. Nauli ya kukipeleka mwenyewe dukani ulikokichukua, hiyo ni yako.

Waranti ni jambo jingine. Ni ahadi, mara nyingi ya mtengenezaji, naye huiwekea masharti yake. Haiwezi kufuta unachomdai aliyepokea fedha zako. Vilevile, ukinunua mtandaoni kisha ukabadili nia tu, una siku 14 za kughairi, na hapo unaweza kutakiwa ulipe posta. Kumbandika sharti hilo mtu aliyeuziwa kibovu ni dhuluma, hata likiandikwa kwa lugha tamu.

Tulikaa tukaandika barua pepe fupi: namba ya oda, tarehe ya kununua, kasoro yenyewe, jina la sheria, na ombi la lebo ya posta iliyokwisha kulipiwa. Hakukuwa na neno kali hata moja. Lebo ikaletwa.

Kwetu kustahimili ni sifa, nami siibezi. Lakini anayesamehe anajua anachokiachilia. Shangazi hakuwa akisamehe. Alikuwa hajaambiwa kwamba ana haki, na walionufaika na ukimya wake ni wale waliopaswa kumwambia. Hilo ndilo linalonikera kuliko zile pauni.

Siku hiyohiyo aliniuliza kuhusu jirani yake aliyerudisha birika bovu la umeme mwaka uliopita, akalipia posta. Je, anaweza kudai sasa? Nikamwambia anaweza, kwa kuwa England madai ya namna hiyo yana miaka 6. Atafute kwanza stakabadhi ya posta.